Kituo cha afya ya uzazi kisichofungwa mradi ukiisha: mwongozo kamili wa kupiga gharama, kupanga bei na kuziba pengo

Wasimamizi wa vituo vya afya ya uzazi vinavyoendeshwa na jumuiya zisizo za kiserikali, Unguja na Pemba, hurudi na swali lile lile: "Tumtoze mteja shilingi ngapi?" Wengi hulijibu kwa kuchungulia bei za hospitali binafsi ya jirani, wakapunguza kidogo, wakabandika karatasi ukutani. Mradi wa mfadhili ukiisha, baada ya miezi michache mshahara wa mkunga unachelewa, kisha glovu zinakosekana, kisha mlango unafungwa saa sita mchana.

Wanakwama kwa sababu swali la bei linaulizwa kabla ya wakati wake. Kwanza ujue sindano moja ya uzazi wa mpango, au kijiti kimoja (kile kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono kuzuia mimba), kinakigharimu kituo kiasi gani tangu mama anaingia mpaka anatoka. Asiyelijua hilo hawezi kupanga bei, hawezi kumwandikia mfadhili bajeti ya kweli, wala hawezi kusaini mkataba na mfuko wa bima kwa macho mawili.

Tarakimu za kituo nitakazotumia hapa ni za mfano tu: kituo kidogo cha Chake Chake chenye watoa huduma watatu. Weka zako mahali pake.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Stakabadhi na hati zote za malipo za miezi 12 iliyopita, pamoja na taarifa ya benki ya miezi hiyo hiyo.
- Orodha ya mishahara, ikionyesha na mchango wa mwajiri wa ZSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar).
- Rejesta za huduma za miezi 12: sindano ngapi, vijiti vingapi vilivyowekwa, vingapi vilivyotolewa, na kadhalika.
- Leja ya stoo.
- Orodha ya vifaa vikubwa: kilinunuliwa lini, kwa bei gani, kinatarajiwa kudumu miaka mingapi.
- Mikataba yote ya ufadhili inayoendelea, na tarehe zake za mwisho.
- Saa yenye kuhesabu dakika, karatasi na kalamu. Kompyuta ikiwepo ni nyepesi zaidi, lakini daftari la mistari linatosha.
- Mkunga au muuguzi anayehudumia kila siku. Zoezi hili likifanywa na mhasibu peke yake litatoa takwimu nzuri za uongo.

Tenga wiki mbili. Usilifanye Ramadhani, wala wiki ambayo timu yote iko semina, kwa sababu dakika utakazopima hazitafanana na za siku za kawaida.

Hatua ya 1: Kusanya matumizi yote ya mwaka, hata yale ambayo hukuyalipia

Gawa matumizi mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni mishahara ya wanaomhudumia mteja kwa mikono yao. Katika mfano wetu ni wakunga wawili na afisa tabibu mmoja, wastani wa shilingi 700,000 kwa mwezi kila mmoja pamoja na mchango wa mwajiri. Kwa mwaka: 25,200,000.

Fungu la pili ni gharama za uendeshaji: meneja, mapokezi, msafi, mlinzi, pango, umeme wa Tukuza (wa kulipia kabla), maji, intaneti, usafiri, ukaguzi wa hesabu, matengenezo na uchakavu wa samani. Katika mfano ni 3,150,000 kwa mwezi, yaani 37,800,000 kwa mwaka.

Fungu la tatu ni dawa na vifaa vinavyotumika na kwisha. Hili liache kando mpaka hatua ya 3.

Sasa ongeza vile ulivyopewa. Nyumba mliyoazimwa bila kodi, andika kodi ambayo mngelipa mtaani. Daktari anayejitolea Jumamosi, andika mshahara wake. Sababu ni moja: siku mwenye nyumba akifariki na warithi wakaitaka nyumba yao, kodi hiyo itakuja mezani nzima nzima. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na msaada usioandikwa ndio unaopotea kimya kuliko mali yoyote.

*Tahadhari:* Posho za semina, fulana za uhamasishaji na makongamano ya mradi yaweke nje. Hizo ni shughuli za mradi. Ukizichanganya, sindano itaonekana ghali kuliko ilivyo na utamfukuza mama asiye na kitu.

*Utajua umefaulu* pale jumla ya fedha taslimu uliyoiandika inapokaribiana na taarifa ya benki, na tofauti iliyobaki unaweza kuieleza kwa stakabadhi.

Hatua ya 2: Tafuta gharama ya dakika moja

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Huduma za afya ya uzazi hazitofautiani kwa dawa tu, zinatofautiana kwa muda. Sindano ni dakika chache. Kijiti kinataka ushauri nasaha, ganzi, mkono mtulivu, na kutakasa vifaa baadaye. Ukigawa matumizi ya mwaka kwa idadi ya wateja, kila mteja ataonekana sawa, na huduma inayokula muda itajificha ndani ya wastani. Dakika ndiyo kipimo kinachoifichua.

Anza na uwezo. Mtoa huduma mmoja ana siku 260 za kazi kwa mwaka. Toa likizo, sikukuu na mafunzo, zibaki kama 210. Kwa siku, toa muda wa sala, chakula, usafi na kujaza rejesta, zibaki dakika 300 za kukaa na mteja. Hiyo ni 63,000 kwa mwaka, na kwa watoa huduma watatu 189,000.

Kisha tafuta dakika zilizotumika kweli. Kwa siku tano mkunga apime kila huduma kwa saa: dakika ya kuanza, dakika ya kumaliza, pamoja na kuandaa na kutakasa vifaa. Chukua wastani, zidisha kwa idadi iliyo kwenye rejesta:

- Sindano 2,400 × dakika 12 = 28,800
- Kuweka kijiti 600 × dakika 40 = 24,000
- Kutoa kijiti 300 × dakika 30 = 9,000
- Altrasaundi ya mimba 1,200 × dakika 20 = 24,000
- Uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi kwa siki 800 × dakika 25 = 20,000
- Matibabu mengine, yakiwemo magonjwa ya zinaa, 1,010 × dakika 20 = 20,200

Jumla ni 126,000. Sasa gawa: mishahara 25,200,000 kwa 126,000 ni shilingi 200. Uendeshaji 37,800,000 kwa 126,000 ni shilingi 300. Dakika moja ya kituo hiki inagharimu shilingi 500.

Itazame namba nyingine iliyojitokeza njiani. Uwezo ni dakika 189,000, zilizotumika ni 126,000. Theluthi nzima ya muda unaolipiwa mshahara na pango haina mteja. Kama dakika zote zingekuwa na kazi, dakika moja ingeshuka hadi shilingi 333. Iandike pembeni, tutairudia kwenye hatua ya 5.

*Tahadhari:* Usimkimbize mkunga ili dakika zipungue. Ushauri nasaha wa haraka huleta mama anayerudi wiki ijayo akilalamikia damu ambayo hakuambiwa kwamba inaweza kubadilika. Na huyo anakula dakika mara mbili.

*Utajua umefaulu* pale mkunga mwenyewe akiitazama orodha ya dakika atasema, "Ndivyo ilivyo." Akitikisa kichwa, pima tena.

Hatua ya 3: Piga gharama ya kila huduma

Fomula ni fupi: dakika × 500, ongeza dawa na vifaa, ongeza uchakavu wa mashine inayohusika peke yake.

Vifaa vihesabu kwa bei ya kufika mlangoni. Kwa kituo cha Pemba, glovu iliyonunuliwa Unguja ina nauli ya boti na upakuzi ndani yake. Na kwa kuwa upepo wa kusi ukikaza safari zinaweza kuahirishwa, lazima uweke akiba stooni, na akiba hiyo ni fedha iliyolala.

Mashine ya altrasaundi ya shilingi 18,000,000 inayotarajiwa kudumu miaka 6 inachakaa 3,000,000 kwa mwaka. Gawa kwa vipimo 1,200, kila kipimo kinabeba 2,500. Hakikisha hukuiingiza tena kwenye fungu la uendeshaji.

Matokeo ya mfano:

- Sindano: 6,000 za dakika + 3,500 za vifaa = 9,500
- Kuweka kijiti: 20,000 + 28,000 = 48,000
- Kutoa kijiti: 15,000 + 4,000 = 19,000
- Altrasaundi: 10,000 + 1,500 + 2,500 za mashine = 14,000
- Uchunguzi wa shingo ya kizazi: 12,500 + 2,500 = 15,000
- Matibabu mengine: 10,000 + 3,000 = 13,000

Zidisha kila moja kwa idadi yake, kisha jumlisha: 99,230,000 kwa mwaka.

Kutoa kijiti husahauliwa karibu kila mahali, na naomba usikisahau. Kijiti cha miaka mitatu au mitano si lazima kikae miaka hiyo yote. Mama ana haki ya kukitoa siku anayotaka, kwa sababu yoyote, hata bila kuisema. Mradi huja kuweka vijiti mia kadhaa, ukaondoka, na gharama ya kuvitoa ikaachiwa mtu asiyekuwemo kwenye mkataba. Kila kijiti unachokiweka leo, andika shilingi 19,000 za baadaye.

*Tahadhari:* Dawa za uzazi wa mpango zinazotoka Wizara ya Afya mteja hazilipii. Thamani yake iandike kwenye gharama ili ujue unapokea msaada wa kiasi gani, lakini usiitoze.

*Utajua umefaulu* pale ukizidisha gharama zote kwa idadi, jumla inarudi kwenye matumizi ya hatua ya 1 ukiongeza vifaa na mashine. Katika mfano: 63,000,000 + 36,230,000 = 99,230,000. Isiporudi, kuna kitu umekihesabu mara mbili au umekiruka.

Hatua ya 4: Panga bei, huduma moja ibebe nyingine

Kwetu Zanzibar bei ina ukuta wa juu. Kituo cha Serikali kinatoa uzazi wa mpango bure. Mama wa Micheweni hatapanda gari mpaka Chake alipe sindano ambayo angeipata bure karibu na kwake, labda kama kwako kuna siri zaidi, foleni fupi, au dawa haikosekani. Kwa hiyo usitarajie sindano ikulipie pango.

Huduma za kubeba nyingine ni zile ambazo mteja tayari huzifuata binafsi na kuzilipia. Katika mfano:

- Uzazi wa mpango, kuweka na kutoa: bure.
- Uchunguzi wa shingo ya kizazi: 10,000, chini ya gharama, kwa sababu bei kamili ingewarudisha wanawake nyumbani na saratani hii huponyeka ikiwahiwa.
- Altrasaundi: 20,000.
- Matibabu mengine: 20,000.

Mapato ya mwaka kama wote watalipa: 24,000,000 + 20,200,000 + 8,000,000 = 52,200,000. Kituo kinajilipia asilimia 52 na kitu.

Pengo ni 47,030,000. Toa thamani ya dawa za uzazi wa mpango mlizopewa, 19,200,000 katika mfano, na pengo la fedha taslimu linabaki 27,830,000 kwa mwaka. Namba hiyo moja ndiyo uliyokuwa ukiitafuta. Iandike kwa kalamu nyekundu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kamati.

Kabla ya kubandika bei, waulize wateja wanaotoka. Usiulize "utalipa ngapi?" kwa sababu mtu atakujibu kwa adabu. Uliza, "Mara ya mwisho ulipokwenda kupima mimba kwa mashine ulilipa ngapi, na nauli ilikuwa ngapi?" Aliyelipa nauli ya kwenda na kurudi na akaacha kazi ya mwani siku nzima ameshatoa zaidi ya ile bei ya ukutani.

*Tahadhari:* Altrasaundi ikishakuwa huduma inayobeba wengine, kishawishi cha kumrudisha mama kila mwezi kitakuja. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo kimoja kabla ya wiki ya 24 ya mimba. Vya ziada viwe na sababu ya kitabibu iliyoandikwa kwenye kadi. Kituo kinachouza vipimo visivyohitajika kimepoteza sababu ya kuwepo kwake, hata kama benki inapendeza.

Hatua ya 5: Jaza muda mtupu kabla ya kupandisha bei

Rudi kwenye theluthi ya dakika zisizo na mteja. Mshahara na pango vyake vimeshalipwa. Mama mmoja zaidi wa altrasaundi anakugharimu jeli na karatasi tu, 1,500, lakini analeta 20,000. Kina mama 600 zaidi kwa mwaka, wote wanaolipa, wanaleta 11,100,000. Ili upate fedha hiyo kwa kupandisha bei ya wale 1,200 waliopo, ungewaongezea zaidi ya shilingi 9,000 kila mmoja, na wengi wasingerudi.

Angalia rejesta ni saa ngapi na siku zipi chumba kiko kitupu. Mara nyingi ni alasiri, na wanaoweza kuja alasiri ni walimu wa skuli na wafanyakazi wa afisi. Fungua kliniki ya jioni mara mbili kwa wiki. Zungumza na waajiri, skuli binafsi au hoteli, walipie uchunguzi wa wafanyakazi wao kwa mkataba wa mwaka.

Msimu wa karafuu ukifika, fedha huwa mikononi mwa watu Pemba. Mama mjamzito apewe kadi ya akiba, aweke kidogo kidogo kama anavyocheza upatu, ili siku ya kipimo awe ameshalipa.

*Utajua umefaulu* pale dakika zilizotumika zitakapopanda bila malalamiko ya foleni kuongezeka.

Hatua ya 6: Weka utaratibu wa msamaha unaolinda siri

Bei bila msamaha ni mlango uliofungwa kwa maskini. Lakini msamaha usiopangwa humwachia karani wa mapokezi aamue, na karani ana jamaa zake.

Njia iliyozoeleka hapa ni barua ya sheha (kiongozi wa shehia) kwamba mtu hana uwezo. Kwa matibabu ya kawaida inafaa. Kwa afya ya uzazi naikataa kabisa: mwanamke anayeomba barua ya kwenda kutibiwa ugonjwa wa zinaa amekwisha kuitangaza habari yake shehia nzima. Wengine watakaa na maradhi kuliko kuipeleka aibu hiyo kwa sheha.

Fanya hivi:

1. Mtoa huduma aulize ndani ya chumba, mlango umefungwa, baada ya huduma kuamuliwa. Si mapokezini.
2. Maswali yawe machache na yale yale kwa wote: nani anakulipia leo, umekuja kwa usafiri gani (gari, baiskeli, miguu), je, kulipa leo kutaondoa chakula nyumbani?
3. Fomu ya msamaha iwe na namba ya mteja bila jina, na isainiwe na mtoa huduma.
4. Stakabadhi isiandike jina la huduma. Tumia alama, kwa mfano A1 au B3. Stakabadhi hukaa mfukoni, na mfuko hukaguliwa nyumbani.
5. Mwisho wa mwezi meneja ajumlishe misamaha kwa thamani ya fedha.

Ukisamehe asilimia 15 ya mapato, katika mfano unapoteza 7,830,000, na pengo linakuwa 35,660,000. Ukipata wale 600 wa hatua ya 5, linashuka hadi 24,560,000. Misamaha ni gharama halali. Ila iwe kwenye daftari.

*Tahadhari:* Kutoa kijiti hakuingii kwenye msamaha, kwa sababu hakupaswi kutozwa mtu yeyote. Mama asiwahi kubaki na kijiti mkononi kwa kukosa fedha.

Hatua ya 7: Gawa pengo kwa walipaji zaidi ya mmoja

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa amri moja, na mwaka 2021 Uingereza ilikata sehemu kubwa ya mchango wake kwa mpango wa dawa za uzazi wa mpango wa UNFPA (Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu). Hakuna kituo cha Pemba kilichoulizwa. Kanuni ninayoisimamia: mfadhili mmoja asibebe zaidi ya theluthi ya matumizi yako ya fedha taslimu.

Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar (ZHSF). Huu ni mfuko wa bima ya afya ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2023. Kabla ya kusaini, chukua bei zao uziweke kando ya gharama zako za hatua ya 3. Huduma ambayo bei yao iko chini ya gharama yako, uliza, peleka hesabu yako ya dakika, jadiliana. Mwenye hesabu husikilizwa. Hakikisha pia usajili wa kituo na leseni za wataalamu haviko karibu kumalizika, na teua mtu mmoja wa kuandaa madai kila wiki. Madai yaliyorundikwa mpaka mwisho wa mwezi hurudishwa kwa makosa madogo. Fedha huja baada ya huduma, hivyo uwe na akiba ya kukuvusha.

Wafadhili. Acha kuwaandikia "mishahara na vifaa". Waandikie huduma: kuweka vijiti 300, kila kimoja shilingi 20,000 za dakika, pamoja na 19,000 za kuvitoa baadaye. Mfadhili akisema halipi uendeshaji, muonyeshe shilingi 300 zilizomo ndani ya kila dakika. Hakuna kijiti kinachowekwa bila taa, maji na mlinzi.

Safari za visiwani. Kojani, Fundo, Makoongwe, Kisiwa Panza: huduma hizi zipigie gharama peke yake. Watoa huduma wawili siku nzima ni 300,000, boti na mafuta 150,000, gari 60,000, maji na chakula 30,000. Jumla 540,000 kabla ya dawa. Wakija wateja 36, kila mmoja ni 15,000. Wakija 12, ni 45,000. Hapa sheha na wakunga wa jadi wanasaidia sana kutangaza siku, bila kuorodhesha majina. Safari hizi haziwezi kujilipia, kwa hiyo zitafutie fedha maalumu. Usizilishe kwa mapato ya kliniki kimya kimya.

Zaka na sadaka. Zaka ina wanaostahiki waliotajwa katika Qur'ani, na maskini na mafakiri ni wa mwanzo. Kwa hiyo elekeza zaka kwenye matibabu ya mgonjwa maskini aliyesamehewa, katika akaunti yake peke yake, na mtoaji apewe ripoti isiyo na majina. Mishahara na rangi ya ukuta zitafutie sadaka. Muulize sheikh mnayemwamini kabla ya kuanza, na jibu lake liandikwe.

Wakfu. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia inayotufaa kuliko zote na tunayoitumia kidogo kuliko zote. Mwenye mali akiweka wakfu milango miwili ya duka kwa ajili ya matibabu ya kina mama, mali ile haiuzwi wala hairithiwi, na kodi yake inaingia kila mwezi. Milango miwili ya 250,000 kila mmoja ni 6,000,000 kwa mwaka, karibu robo ya pengo letu la 24,560,000. Shamba la mikarafuu nalo ni zuri, lakini mkarafuu hauzai sawa kila mwaka na mshahara wa mkunga haungojei msimu. Hati zipitie Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, si makubaliano ya mdomo barazani.

*Tahadhari ya kodi:* Jumuiya isiyo ya faida haisamehewi kodi kwa jina lake tu. Kodi ya mapato na ya mishahara ni za Muungano, zinasimamiwa na TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) hata huku kwetu. Zinazosimamiwa na ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar) ni nyingine. Nenda kote kuwili, omba jibu la maandishi. Na ziada yoyote irudi kwenye huduma, ionekane kwenye ripoti mnayompelekea Mrajis wa jumuiya.

Hatua ya 8: Tazama namba tano kila mwezi

Kamati ikikaa, karatasi iwe moja:

1. Asilimia ya gharama iliyolipwa na mapato ya kituo.
2. Dakika zilizotumika kati ya dakika zilizokuwepo.
3. Thamani ya misamaha. Ikishuka ghafla, usifurahi: huenda maskini wameacha kuja.
4. Siku za akiba ya dawa stooni. Kwa Pemba ziongeze kabla ya kusi.
5. Miezi ya akiba ya fedha benki. Lenga mitatu. Katika mfano, matumizi ya taslimu ni karibu 6,670,000 kwa mwezi, hivyo lengo ni kama 20,000,000. Yafikie polepole, kwa kuweka fungu la kila mwezi kabla ya matumizi mengine.

Akiba iwe na akaunti yake, na saini tatu. Sheria ya kuigusa iandikwe mapema: malipo ya bima yaliyochelewa, ndiyo, semina, hapana.

Dakika zipimeni tena kila mwaka, na mara moja kila mnapoongeza huduma mpya, mnapohama nyumba, au mtoa huduma anapoondoka. Akibaki mkunga mmoja na afisa tabibu, ile shilingi 500 si yenu tena, na bei zote za ukutani zinahitaji hesabu mpya kabla ya mwezi kuisha.